Shuka Saba za Njeri

Siku mliyoniaga mlinipa keki, saa ya ukutani na hotuba tatu. Keki iliisha kabla ya hotuba ya pili. Saa nimeitundika sebuleni, ingawa sijaelewa kwa nini mtu anapewa saa siku anayoacha kazi. Miaka yote ile nikichelewa hakuna aliyefikiria kuninunulia. Kisha Shiko, ambaye ni mdogo wenu nyote, ana mdomo kuliko nyote na huniita babu kwa Kikuyu, akasema, "Guka, usiende hivyo tu. Tuandikie vile ulijifunza hii kazi." Nikakubali kwa kutikisa kichwa, kwa sababu nilikuwa ninatafuna. Sasa niko hapa nyumbani Kiuu, nimekalia meza ya jikoni, na mke wangu, Mama Njeri, ameniuliza mara mbili nitamaliza lini apate mahali pa kukatia sukuma wiki.

Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Mishahara mnaijua, maana ndiyo hiyo hiyo mnalipwa.

Niliingia karakana yetu ya Thika kama mtu wa kubeba mizigo. Nilikuwa kijana wa Gatanga mwenye mabega, na kazi yangu ilikuwa kushusha marobota ya vitambaa kutoka kwenye lori. Ndani walikaa wanawake kumi na watatu, kila mmoja na fremu yake ya mviringo mapajani, wakidarizi vitambaa vya meza, vitambaa vya viti na nguo za madhabahu. Nasema kudarizi kwa sababu ninaandika. Pale ndani hakuna aliyetumia neno hilo. Tulisema kushona maua, hata kama unachoshona ni msalaba. Mkubwa wao alikuwa Mama Mumbua, Mkamba wa upande wa Matuu, mwanamke mfupi aliyekuwa na miwani moja machoni, nyingine kichwani, na ambaye mara nyingi alikuwa akitafuta ya tatu.

Siku ya kwanza nilitua robota nikasimama kumwangalia. Alikuwa akijaza jani kwa uzi wa kijani, sindano inapanda, inashuka, na jani linazidi kunenepa pale kwenye kitambaa. Nilisimama hadi dereva wa lori akapiga honi.

"Wewe kijana," Mama Mumbua akasema bila kuinua kichwa, "unanizibia mwanga. Ama ukae, ama utoke."

Nikakaa. Akanipa sindano, uzi mweusi na kipande cha kitambaa cha kutupwa, akaniambia nishone mstari mmoja ulionyooka. Nilishona robo saa, ulimi nje. Mstari wangu ulitembea kama mtu aliyetoka kilabuni mwisho wa mwezi. Akauinua karibu na miwani.

"Hii barabara inaenda wapi?"

"Thika, mama."

"Haitafika. Fumua."

Hilo ndilo neno nililofundishwa kwanza, fumua, na nililisikia wiki mbili mfululizo kabla ya kusikia lingine. Asubuhi nilibeba marobota, mchana nilifumua. Wale wanawake walicheka wakachoka. Mmoja aliniuliza kama wanikatie pia kitambaa cha kichwa, Jumapili nitoke nao na kikundi cha akina mama kanisani. Nilimwambia nitakaa tu na wazee. Baada ya wiki ya tatu Mama Mumbua akatazama mstari wangu, hakusema fumua, akanipa kipande kipya. Kwake hiyo ilikuwa pongezi, na nilitembea nayo kifuani hadi Jumapili.

Sasa niwape yale aliyonifunza, mambo ambayo nikiwaambia huwa mnaangaliana. Uzi usizidi urefu wa kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko. Mtu anayekata uzi mrefu anataka kuokoa dakika ya kutunga sindano, kisha anamaliza nusu saa akifungua mafundo. Uzi wa kudarizi una nyuzi sita ndani yake; usivute mbili kwa pamoja, vuta mmoja mmoja, halafu ndiyo uziunganishe unazotaka, la sivyo ua litalala bapa. Mikono ioshwe. Mandazi yakae upande ule mwingine wa chumba, na mnajua ninamwambia nani.

Na uzi mwekundu ulowekwe kwanza kwenye maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe, uone kama unachuja. Hili sikuambiwa, nililijua kwa njia ngumu. Nilishonea kanisa moja la Ruiru nguo ya madhabahu, nyeupe pe, yenye zabibu nyekundu pembeni. Nilijivuna nayo. Ilifuliwa mara moja ikarudi ya pinki kutoka pindo hadi pindo. Mchungaji alikuwa mtu mpole, akasema labda itafaa siku za harusi. Mama Mumbua hakuwa mpole. Niliishona yote upya, na wiki zote tatu za kuishona aliongea nami kupitia kwa mtu wa katikati: "Mwambieni huyo aniletee mkasi."

Mfano wa kushona tulikuwa tunapewa kwenye karatasi zilizotoka ng'ambo. Zilikuwa na tulipu, ua la Ulaya. Nilishona tulipu miaka minne bila kukutana nayo hata siku moja. Nilizishona kwenye vitambaa vya viti vya watu wa Juja, wa Makongeni, wa kila mahali, na sina hakika kama kuna aliyewahi kuiona. Siku moja nikamuuliza Mama Mumbua kama hili ua hufunguka jioni au hubaki limefunga mdomo hivyo. Naye hakujua. Nadhani ilimuudhi, kwa sababu alikunja zile karatasi akaziweka chini ya mto wa kiti chake, akazikalia.

"Jumatatu usikuje kazi," akasema. "Enda uangalie."

"Niangalie nini?"

"Chenye kiko."

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha wiki hiyo, kwa hivyo nilienda mashamba ya kahawa ya upande wa Ruiru, maana nilijua itakuwa imechanua. Nimezaliwa kwenye kahawa. Nimechuma kahawa tangu kimo changu kifike kikapuni. Lakini sikuwa nimewahi kuitazama nikiwa sina kazi nayo. Nilichuchumaa mbele ya mti mmoja saa nzima. Nikaona maua hayakai juu ya tawi vile nilivyokuwa nikidhani. Yanakaa kwapani mwa majani, yamejibana mafungu mafungu, na kila moja lina ncha tano. Askari wa shamba akaja akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia ninaangalia maua. Akanitazama vizuri, kutoka viatu hadi kofia, akanisindikiza mpaka kwenye geti na akahakikisha limefungwa.

Kesho yake nilimwelezea Mama Mumbua nilichokiona naye akanisukumia penseli. Hivyo ndivyo lilivyopatikana lile tawi la kahawa ambalo mmenizoea nalo: jani la kujaza, uzi wa kijani aina mbili, na kila ncha ya ua ni kitanzi kimoja kilichoshikwa nchani kwa mshono mdogo. Mananasi ya Thika yalifuata, kwa nyuzi za kukingama. Nyinyi mnatafuta mifano kwenye simu, na siwakatazi. Shiko amenionyesha maua ya Japani yanayopendeza sana. Lakini hakuna askari aliyewahi kumfukuza mtu kwa kuangalia simu, na naona hapo mmepitwa na kitu.

Nyumbani nilisema uongo. Baba yangu alikuwa mtu wa jembe na sauti kubwa, na kijana wake wa kwanza hangeweza kuwa anashona maua na akina mama. Nikamwambia niko upande wa mashini. Alifurahi, akawatangazia wazee wenzake, na kila nikienda Gatanga waliniletea redio zilizokufa nizitengeneze. Nilizipoteza redio nyingi za wazee wale.

Mama Njeri pia nilimficha, miezi sita ya kwanza ya ndoa. Siku moja akifua akachomwa na sindano iliyokuwa kwenye kola ya shati langu. Sindano nyembamba namna ile haiwi ya mwanaume, akawaza, na asubuhi yake akanifuata hadi Thika. Alisimama mlangoni mwa karakana akawatazama wale wanawake mmoja baada ya mwingine.

"Ni nani hapa anamshikia bwanangu kola?"

Nikainua fremu yangu nikiwa kando ya dirisha, nikasema, "Ni mimi." Akaja, akaangalia lile tawi la kahawa, akalipitisha kidole. "Hii ni wewe?" Nikasema ni mimi. Mama Mumbua akamletea kiti na chai. Tangu siku ile kila kiti cha nyumba yetu kina kitambaa changu. Vinafuliwa Jumamosi, vinapigwa pasi, vinarudishwa mahali pake, na mimi niliyevishona siruhusiwi kuviegemea.

Binti yetu Njeri alikua kati ya nyuzi. Alipokuwa mdogo alizipanga kwa rangi sakafuni akanikemea nikichanganya. Akiwa shule ya upili aliniomba, kwa adabu sana, nikija siku ya wazazi nisije na ule mfuko wangu wa kazi. Sikumlaumu. Nilimficha baba yangu mwenyewe, ningemwambia nini? Akasoma, akapata kazi ya ofisi Nairobi, akahamia Membley kwenye nyumba yenye bomba la maji moto. Akinitembelea aliniletea maziwa ya pakiti, kana kwamba Kiuu hakuna ng'ombe.

Mashini ya kompyuta ya kudarizi ilikuja wakati huo. Wachache wenu mnaikumbuka ikishushwa. Mama Mumbua aliketi mbele yake tangu saa nne hadi chakula cha mchana, mikono mapajani, akiiangalia ikishona maua sitini yasiyo na tofauti. Nikamuuliza anaionaje. "Inashona vizuri," akasema. "Lakini haijaenda mahali." Mwaka huo akarudi Matuu, akaniachia fremu zake zote na kona yenye mwanga. Mashini ikachukua beji za shule na majina ya kampuni, sisi watu watano tukabaki na harusi na madhabahu. Na kila mteja alipotaka kutusifu alituambia kazi yetu ni safi kama ya mashini. Nilijifunza kusema asante, lakini sikuwahi kuizoea sifa hiyo.

Sasa nifike kwenye kazi yangu ya mwisho, ambayo nyinyi mliona ikishonwa lakini hamkujua ilikuwa inanitendea nini.

Njeri alikuja nyumbani Jumapili moja kutuambia kwamba watu wa Kimani, kijana wake, wanakuja kwa ruracio, ile sherehe ya mahari. Tulifurahi, mama yake akapiga vigelegele majirani wakachungulia. Nilipomsindikiza nje Njeri akasimama kando ya gari, akawa anachezea funguo.

"Baba, kuna kitu. Watu wa Kimani niliwaambia wewe ni meneja. Wa kiwanda cha nguo."

"Meneja wa nini?"

"Wa production."

"Na wakiniuliza mambo ya huko?"

"Sema umestaafu. Hata ni ukweli, mwezi ujao." Halafu akaongeza polepole, "Baba yake alikuwa mwalimu mkuu. Mama yake ni nesi. Nilishindwa nianzie wapi. Usikasirike, baba."

Nilimwambia sijakasirika. Nilikuwa nimeumia, na ni vitu viwili tofauti. Nilirudi ndani nikakaa kwenye kiti, nikaegemea kitambaa, na Mama Njeri akaniangalia usoni, akaniacha niegemee.

Siku mbili baadaye dada yangu Wangari, tata yake Njeri, akaja karakana na oda. Alitaka shuka saba. Mnajua mchezo wenyewe: bibi harusi na wasichana wengine sita wanafunikwa gubigubi, wanatolewa wakiwa wamepangwa, na kijana lazima amtambue wake. Akikosea analipa faini ya kreti ya soda. Aliyefunikwa haruhusiwi kuongea, kucheka wala kukohoa. Wangari alikuwa na kinyongo kwa sababu kwenye ruracio ya jirani kijana alimtambua msichana mara moja, kwa vile shuka yake ilikuwa na pindo tofauti.

"Za Njeri zifanane zote," akaniambia. "Hata mama yake ashindwe kumjua. Na uweke yale maua yako ya kahawa."

Mlinisaidia kukunja pindo, lakini maua yote niliyashona kwa mkono wangu. Kushona vitu saba vifanane kuna njia yake, na hii iandikeni mahali. Usimalize kimoja ndipo uende kingine, kwa sababu mkono wa Jumatatu si mkono wa Ijumaa. Shona matawi ya zote saba kwanza, kisha majani ya zote, kisha maua. Nunua uzi wote siku moja, duka moja, kutoka boksi moja. Na ukiwa na hasira, shona majani, usiguse maua.

Majani ya shuka zile yalishonwa haraka sana. Mama Njeri aliniona nikiyamalizia nyumbani, akasema, "Unashona kama mtu anachoma chanjo ng'ombe." Nilikuwa na uwezo wa kuweka alama kwenye shuka ya Njeri, fundo moja tu mahali ambapo Kimani peke yake angeambiwa. Baba wengine wangefanya hivyo. Mimi nikasema, acha afichwe vizuri, kwani si yeye ameanza kuficha watu? Kisha nilipofika kwenye maua hasira ikaniishia. Huwezi kukaa na kitanzi kidogo kama kile siku tisa na bado uwe na hasira. Nikabaki na huzuni, nayo haiharibu mshono.

Siku ikafika. Tulijengewa hema uani, nikavaa suti iliyonibana makwapa, nikatambulishwa kama meneja. Ami yake Kimani akaketi karibu yangu akaniuliza ninaonaje bei ya pamba. Nikamwambia pamba ni pamba. Akatikisa kichwa kama aliyeambiwa jambo zito. Njeri alinitazama kutoka mlangoni mara moja, kisha akaingia ndani kufunikwa.

Walipotolewa wale saba, wanawake wakaanza kusema, ai, ai. Ninaruhusiwa kujisifu, nimestaafu: zilipendeza. Hata mimi sikuweza kumjua mtoto wangu. Kimani akazunguka, akainama, akanusa, akashika mmoja mkono. Alikuwa binti wa mama wa kioski. Kreti moja. Akajaribu tena, akapata mpwa wangu kutoka Gatanga, mwenye miaka kumi na tano, ambaye aliwekwa juu ya tofali ndogo ili alingane na wengine. Kreti ya pili, na Wangari anacheza katikati ya uwanja.

Hapo shangazi yake Kimani akainuka kumsaidia. Mwanamke mnene, mwenye duka la mapazia mjini, na kila mtu alikuwa ameshaambiwa hilo. Akashika shuka moja, akaisugua kwa vidole, akaiachilia.

"Kimani, usipoteze wakati na haya maua," akasema kwa sauti ya watu wote. "Hizi ni za mashini. Angalia vile zimefanana. Mkono wa binadamu hauwezi. Wewe angalia miguu."

Watu wakacheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Nilikuwa nimeshasikia hayo maneno miaka na miaka, na nilikuwa nimejiahidi kunyamaza kwa ajili ya Njeri.

"Si mashini."

Ilikuwa sauti kutoka ndani ya shuka, ya nne kutoka kushoto. Wangari akaacha kucheza mguu mmoja ukiwa juu.

"Si mashini," ikarudia. "Ni mkono wa baba yangu."

Njeri akajifunua mwenyewe, nywele alizosukwa kwa saa sita zikiwa zimevurugika, uso umelowa. "Amezishona zote saba, kila ua. Si meneja. Mimi ndiye nilisema meneja. Hiyo sindano ndiyo imenisomesha, tangu nasari mpaka chuo, na leo nimefunikwa nayo na mnasema ni mashini."

Kimani alikuwa ameshafika kwake, amemshika mikono yote miwili, asije akafunikwa tena. Wangari akapiga kelele kwamba haihesabiki, bibi harusi ameongea, sheria imevunjwa, turudie. Hakuna aliyemsikiliza. Shangazi wa mapazia akavuta miwani, akarudi kwenye shuka ile ile, akaitazama kwa muda mrefu. Halafu akavuka uwanja akaja mbele yangu, akanipa mkono kwa heshima, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia.

"Baba Njeri," akasema, "unisamehe. Kazi ya mapazia imeniharibu macho."

Kijana mwenye kipaza sauti, ambaye alikuwa amelipwa asiache kimya kiingie, akasema kwamba kulingana na yaliyotokea ni lazima utambulisho wa wazazi urudiwe, maana wa kwanza ulikuwa na makosa. Akaangalia karatasi yake, akaona haitamsaidia, akampa Njeri kile kipaza sauti.

"Huyu ni baba yangu," Njeri akasema. "Anashona maua."

Mtu akitambulishwa husimama, kwa hivyo nikasimama. Nililia mbele ya wakwe, suti ikiwa imenibana, na sikuharakisha kuketi.